Miaka minne ya chuo, wiki 48 za mpira

SWALI: Kocha, mimi ni mzazi, mzaliwa wa Uvira, huu ni mwaka wangu wa tisa Ohio. Mtoto wangu wa tatu ana miaka 18, anacheza winga wa kulia kwenye akademi ya klabu moja ya MLS, ligi kuu ya huku. Klabu imempa ofa ya mkataba wa timu yake ya pili, ile inayocheza MLS NEXT Pro, ligi ya timu za pili. Ni mwaka mmoja, na klabu ina hiari ya kuongeza mwingine. Wakati huohuo kuna chuo kikuu cha Division I, daraja la juu la michezo ya vyuo, kinachomtaka na kitalipa asilimia 60 ya gharama. Mama yake anasema shule, mtoto anasema mkataba, mimi sijui niseme nini. Wenzangu wa kanisani wananiambia mpira wa chuo ni kupoteza muda, hakuna anayetoka huko akawa mchezaji wa kweli. Ni kweli? Timu ya pili imeshamwita mechi sita, zote ameingia kutokea benchi, jumla dakika 95. — Papa wa watano

JIBU:

Papa, kwanza ahsante kwa kuhesabu dakika. Wazazi wengi wanaoniandikia huhesabu mabao, na wengine huhesabu mpaka wafuasi wa mtoto huko Instagram. Hizo dakika 95 ndizo zitakazotupa jibu, nitazirudia.

Ujue pia unayemuuliza ni nani. Miaka kumi na mmoja ya maisha yangu nimekuwa kocha msaidizi kwenye chuo kidogo cha katikati ya Marekani, mji wenye mahindi mengi kuliko watu. Ugali wangu ulitoka chuoni, kwa hiyo ukiona naukingia kifua mpira wa chuo, punguza kidogo. Ila na mimi nimeona mengi ya kuusema vibaya, na nitayasema.

Wenzako wa kanisani wamekosea kwenye neno "hakuna". Chukua kikosi cha wachezaji 26 ambacho Marekani ilikipeleka Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022. Wanane kati yao walipita chuoni: Matt Turner, Sean Johnson, Tim Ream, Walker Zimmerman, Aaron Long, DeAndre Yedlin, Cristian Roldan na Jordan Morris. Ream alisoma miaka yote minne Saint Louis, akaingia MLS mwaka 2010, akavuka kwenda Bolton na baadaye Fulham, na huko Qatar, akiwa na miaka 35, alianza mechi zote nne. Turner alitoka Fairfield, chuo ambacho hata Wamarekani wengi hukisikia kwa nadra. Mwaka 2016, kwenye uteuzi wa wachezaji wa vyuo, hakuna klabu ya MLS iliyomchagua. Aliomba majaribio New England Revolution, akapewa nafasi, na mwaka 2022 Arsenal wakamnunua. Vuka mpaka uende Kanada: Tajon Buchanan alicheza misimu miwili Syracuse, akaenda New England, akafika Club Brugge, na Januari 2024 alisajiliwa Inter Milan. Cyle Larin alitoka Connecticut, Alistair Johnston wa Celtic alitoka Wake Forest. Kwa hiyo mlango upo.

Lakini hebu yasome tena yale majina manane kwa jicho la kocha. Makipa wawili. Mabeki wanne. Kiungo mmoja, mshambuliaji mmoja. Waliokuwa wakianza mechi kati yao ni Turner golini na Ream na Zimmerman katikati ya ulinzi. Ubunifu wa mbele ulikuwa kwa watu kama Pulisic, Reyna, Weah na Aaronson, na hao hawakukanyaga uwanja wa chuo. Pulisic alikwenda Dortmund akiwa na miaka 16. Weston McKennie wa kiungo alikuwa tayari amekubaliana kwa mdomo na chuo cha Virginia, akabadili nia dakika za mwisho, akaenda Schalke.

Sidhani kama ni bahati nasibu. Kipa na beki wa kati huiva wakiwa wamechelewa. Kazi yao ni kusoma hatari, kuamua na kuongea, na mambo hayo miaka 22 inayafanya vizuri kuliko miaka 18. Winga hayuko hivyo. Silaha zake ni kasi na uthubutu wa kumkabili mtu ana kwa ana, na huo uthubutu unataka kulishwa kila wiki dhidi ya mabeki wazuri, la sivyo hudumaa. Mtoto wako ni winga. Ungeniambia ni kipa, barua hii ingekuwa fupi: mpeleke shule, mama yake yuko sahihi, tuonane akihitimu.

Sasa nikupeleke kwenye ubovu wenyewe, ambao watu huutafuta mahali pasipo. Husema makocha wa chuo hawajui mpira. Si kweli, wapo makocha wa chuo wanaojua kuliko wa ligi. Husema wachezaji ni laini. Hilo nalo si kweli. Tatizo ni kalenda. Msimu wa wanaume wa Division I huanza mwishoni mwa Agosti na kwa timu nyingi umekwisha katikati ya Novemba. Ni wiki kumi na mbili hivi. Zinazofika mbali kwenye mashindano ya taifa huongeza wiki chache hadi Desemba. Zidisha mara nne: miaka minne ya chuo ina wiki 48 hivi za mpira wa ushindani. Kijana anaingia na miaka 18, anatoka na 22, na katikati ya hapo mpira wa pointi ameucheza kwa muda usiofika mwaka mmoja.

Na zile wiki kumi na mbili zimeshindiliwa. Mechi kama kumi na nane au ishirini, mara nyingi mbili kwa wiki. Ukicheza Ijumaa, Jumatatu au Jumanne uko uwanjani tena, na katikati kuna basi, mtihani wa takwimu, na ripoti ya maabara uliyoahidi kuipeleka jana. Mazoezi ya kujifunza jambo jipya utayaweka wapi? Tulichokuwa tukifanya Septemba na Oktoba ni kurudisha miguu katika hali yake, kupitia kona na faulo, basi. Halafu inakuja baridi, msimu umekwisha, na kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinambana kocha. Ndani ya msimu ana saa 20 kwa wiki na mchezaji, nje ya msimu saa nane tu. Masika kuna mechi chache za kirafiki. Sasho Cirovski wa Maryland amepiga kelele miaka mingi kwamba msimu wa wanaume ugawanywe mihula miwili, vuli na masika, mechi moja kwa wiki. Amesema mpaka sauti imekauka, na miaka imekwenda.

Kitu cha pili ni kubadilisha wachezaji. Katika mpira wa kulipwa ukitolewa, umetolewa, nenda kaoge. Chuoni unaweza kutoka na kurudi tena kwa masharti fulani, na kocha habanwi na wachezaji watano wa akiba. Inaonekana jambo dogo. Linaharibu kuliko kalenda.

Nilikuwa na winga mmoja mwenye asili ya Burundi, kijana mwenye mbio za swala. Kwetu alicheza kwa vipande: dakika 25 za moto, nje, maji, pumzi, anarudi dakika nyingine 25. Mabeki walimwogopa. Alipohitimu tukampatia majaribio kwenye timu ya daraja la pili. Mechi ya kwanza ya kirafiki, dakika ya 60, misuli ya vigimbi ikambana miguu yote miwili, akabebwa kama gunia. Nilimpigia simu kocha wa kule kumwombea nafasi nyingine. Akaniambia kijana ana kasi, ana chenga, lakini hajui kupumzika akiwa uwanjani. Sikumjibu, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Miaka minne nilikuwa namtoa kila akichoka. Sikuwahi kumlazimisha ajifunze lini atembee, lini aufiche mwili nyuma ya beki asubiri, lini aache krosi moja ili apate nguvu ya krosi inayofuata. Mchezaji wa dakika 90 hugawa pumzi yake kama mama anavyogawa unga mwisho wa mwezi. Wangu alikuwa anamaliza debe zima siku ya kwanza, maana alijua kuna mtu wa kumletea jingine.

Kutokana na hilo unapata aina ya mpira utakaouona ukienda kukaa jukwaani: presha ya kasi, miili mipya ikimiminika kila baada ya muda, mipira mirefu, mipira ya kurusha inayotua kwenye eneo la yadi sita mbele ya goli kama kona. Saa ya uwanjani inarudi nyuma kuelekea sifuri, na sekunde kumi za mwisho mtangazaji anazihesabu kwa kipaza sauti kama wanarusha roketi. Wenyewe wanaipenda sana. Mimi nimekaa kule miaka yote hiyo na bado hunichekesha.

Basi chuo kinatoa nini? Mwili, kwanza. Chuo cha Division I kina jimu, wataalamu wa tiba ya viungo, meza ya chakula na viwanja ambavyo klabu nyingi za ligi zetu Afrika Mashariki zingevilia. Kijana anaingia na kilo 64 anatoka na 74 za misuli. Pili, anacheza na wanaume. Siku hizi vikosi vya chuo vimejaa wageni, Wajerumani, Wanorwe, Waghana, wa miaka 22 na 23, wengine walilelewa kwenye akademi kubwa za Ulaya wakakosa namba. Jack Harrison alikuwa Manchester United tangu utoto, mama yake akamhamishia shule Marekani, akacheza msimu mmoja tu Wake Forest, akawa chaguo la kwanza mwaka 2016, baadaye akaja kucheza miaka kadhaa Leeds. Beki aliyelelewa namna hiyo akimpiga kikumbo mwanao Septemba, atajifunza jambo ambalo mechi za vijana wenzake haziwezi kumfunza.

Cha tatu ni kigumu kukipima, ila nakiamini: kujitegemea. Vijana wengi hufa kimpira si kwa sababu ya mguu, ni kwa sababu ya chumba. Chumba cha kupanga, mji mgeni, saa nane mchana mazoezi yameisha na hakuna la kufanya mpaka kesho. Chuo humjazia mtu siku.

Nikukumbushe vijana wawili ambao historia yao inakuhusu kuliko ya Ream. Mwaka 2009 mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa na klabu za MLS alikuwa Steve Zakuani, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekulia London na kusoma hapo hapo Ohio kwenu, chuo cha Akron. Mwaka uliofuata, 2010, wa kwanza akawa Danny Mwanga, naye mzaliwa wa Kinshasa, aliyetoka Oregon State. Miaka miwili mfululizo, Wakongo wawili. Wote wawili walikuwa washambuliaji, na wote wawili waliondoka chuoni baada ya miaka miwili bila kusubiri minne. Zakuani aliingia Seattle Sounders akapata namba mara moja. Aprili 2011 akavunjwa mguu vibaya kwenye mechi, na ingawa alirudi uwanjani, mwaka 2014 alistaafu akiwa na miaka 26. Mama wa mtoto akisema "shule", nadhani mguu wa aina ile ndio anaouona, hata kama hamjui Zakuani. Usimkatishe.

Hapo nimetaja "kuchaguliwa", na lazima nieleze, maana watu wa kwetu wakisikia drafti wanafikiria lile la vifuniko vya soda. SuperDraft ni siku ambayo klabu za MLS hupokezana kuchagua wachezaji wa vyuo. Zamani ndiyo ilikuwa barabara kuu. Clint Dempsey alipita hapo mwaka 2004 kutoka Furman. Leo imebaki uchochoro. Tangu mwaka 2008 klabu zinaruhusiwa kumsajili moja kwa moja kijana ziliyemlea, bila kupitia uteuzi, na kwa hiyo walio bora hawafiki huko. Raundi zimepungua hadi tatu, na kuchaguliwa si mkataba. Wengi huitwa kambini, huonekana wiki mbili, hurudishwa. Hata chaguo la juu si uhakika. Mkenya Philip Mayaka wa Clemson alichaguliwa wa tatu mwaka 2021 na Colorado Rapids, lakini namba ya kudumu kikosi cha kwanza hakuipata.

Kanuni hiyohiyo ya mwaka 2008 ndiyo inayokufaa wewe, na naona kama hukuambiwa. Klabu iliyomlea mtoto kwa muda unaotakiwa hubaki na haki naye hata akienda chuo. Hachukuliwi na mtu mwingine kwenye uteuzi kirahisi, na klabu inaweza kumrudisha akiwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jordan Morris alikuwa hivyo. Alitoka akademi ya Seattle, akaenda Stanford, na Aprili 2015, bado mwanafunzi, alifunga goli la timu ya taifa dhidi ya Mexico. Klabu ilimtaka, akakataa kwanza. Desemba ile akafunga mawili kwenye fainali, Stanford wakatwaa ubingwa wa vyuo, na Januari 2016 ndipo akasaini Seattle. Handwalla Bwana, aliyezaliwa Kenya katika familia ya Kisomali, alipita njia hiyohiyo: akademi ya Seattle, misimu miwili chuo cha Washington, mkataba mwaka 2018. Kwa hiyo mtoto akikuambia "Baba, nikienda chuo mlango umefungwa", mwulize nani kamwambia. Kisha wewe uiulize klabu, kwa barua pepe ili jibu libaki: je, haki zenu kwa mtoto huyu zitaendelea akiwa chuoni, na atakaribishwa kufanya mazoezi nanyi likizo ya kiangazi?

Turudi sasa kwenye dakika 95. Mechi sita, dakika 95, ni wastani wa dakika 16 kila mechi. Ligi ya MLS NEXT Pro ina mechi 28 za msimu wa kawaida. Tuseme wampe mkataba na mambo yabaki hivyohivyo: dakika 16 mara 28 ni dakika 448. Mechi tano kamili, kwa mwaka mzima. Mwanafunzi anayeanza mechi 18 chuoni, hata akitolewa dakika ya 75 kila mara, anamaliza na dakika 1,350. Unaona? Ile kalenda fupi niliyoisema vibaya kurasa nzima, inampa mara tatu ya kile atakachopata kwa kusugua benchi la klabu ya kulipwa. Ukweli ambao wenzako wa kanisani hawauoni ni kwamba mpira wa chuo haushindani na mpira wa kulipwa. Unashindana na benchi la mpira wa kulipwa.

Bila shaka klabu inaweza kusema dakika zitaongezeka. Labda. Soma mkataba wenyewe: mwaka mmoja, na hiari ya kuongeza ni ya klabu, si yake. Maana yake wakati wowote mashaka ni ya kijana na uamuzi ni wa klabu. Mkataba wa timu ya pili si wa kudharau, lakini klabu inayomtegemea kijana wa miaka 18 huonyesha dalili kabla ya kalamu. Humwita kufanya mazoezi na kikosi cha kwanza. Hujaniandikia kwamba aliwahi kuitwa, na mzazi anayehesabu dakika asingesahau hilo. Hicho ndicho kipimo changu kikubwa. Kama kocha wa timu ya kwanza angekuwa amemwita hata mara tano tangu Januari, ningekuambia asaini na shule asome jioni.

Upande wa chuo nako kuna shimo. Omba orodha ya kikosi cha mwaka huu, angalia mawinga ni wangapi, wana umri gani, wanahitimu lini. Tangu suluhu ya kesi ya House, ile ya wanamichezo wa vyuo dhidi ya NCAA, iliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo vinabanwa na ukomo wa wachezaji 28 kwenye soka. Zamani kikwazo kilikuwa skolashipu, timu nzima ya wanaume ikigawana 9.9 tu. Kikosi kikiwa kidogo na kocha ana haraka ya kushinda, anamchukua Mnorwe wa miaka 22 kabla ya mtoto wa miaka 18. Ukikuta mawinga watatu wa miaka 21 na zaidi wanaobaki, hapo mwanao amehama benchi moja kwenda jingine, na hili la pili unalilipia asilimia 40. Hiyo 40 nayo ipigie hesabu kwa dola, usiridhike na asilimia. Asilimia 60 ya chuo binafsi inaweza kukuachia deni kubwa kuliko asilimia 20 ya chuo cha jimbo unapoishi. Na uliza kama msaada huo ni wa mwaka mmoja unaohuishwa au wa miaka yote. Mingi huwa ya mwaka mmoja.

Usiogope kutazama vyuo vidogo pia. Lawrence Olum wa Nairobi alisoma Missouri Baptist, chuo cha NAIA, chama cha vyuo vidogo, ambacho hakina jukwaa la kujaza watu, akaja kuwa kwenye kikosi cha Sporting Kansas City kilichotwaa ubingwa wa MLS mwaka 2013. Micheal Azira wa Uganda alitoka chuo cha Mobile, Alabama, nacho cha NAIA, akapanda ngazi moja moja mpaka Seattle. Vyuo vya namna hiyo humpa mtu nafasi ya kucheza kila wiki, na nadhani ni hilo lililowabeba.

Jambo moja la hatari: kwa sasa asiweke sahihi yake popote, si kwa klabu, si kwa wakala, si kwa yule mjomba wa kanisani mwenye "kampuni ya michezo". Mchezaji wa akademi anaweza kucheza mechi za timu ya pili kama ridhaa na akabaki na haki ya kucheza chuo, ndivyo alivyo mwanao leo. Mkataba wa kulipwa ni habari nyingine. Kanuni hizo zinavutwa huku na huku mahakamani kila mwaka, kwa hiyo usimsikilize mtu yeyote wa mtaani, mimi nikiwemo. Chuo kina ofisi ya uzingatiaji wa kanuni, waulize hao na wakujibu kwa maandishi.

Umesema una watoto watano, na kama kuna binti anayecheza, jibu lake si hili. Kwa wanawake chuo kilikuwa ndiyo barabara yenyewe. Naomi Girma, binti wa wahamiaji kutoka Ethiopia, alisoma Stanford, akachaguliwa wa kwanza mwaka 2022, na Januari 2025 Chelsea walimnunua kwa ada iliyovuka dola milioni moja, ya kwanza kufika hapo kwa mwanamke. Lakini ligi yao, NWSL, ilifuta uteuzi mwaka 2024 na wasichana wanasaini wakiwa wadogo zaidi kila mwaka. Niandikie kivyake kwa huyo.

Kwa winga wako, ningekuwa mimi ningempeleka chuo. Ila si kwa hesabu ya miaka minne. Ningemwambia miaka miwili, halafu tunapima, kama Zakuani na Mwanga walivyofanya. Masomo yanaweza kumaliziwa baadaye, na mama yake apewe ahadi hiyo akiwa ameketi, si kwa simu. Ningechagua chuo ambacho kocha yuko tayari kumwacha uwanjani dakika 90 hata akichoka, na ningemwambia kocha huyo maneno hayohayo, kwa sababu ndilo jambo ambalo sikulifanya kwa kijana wangu. Kiangazi, Mei hadi Julai, asikae nyumbani: kuna USL League Two, ligi ya wanafunzi wengi wa vyuo ambayo haimwondolei haki yake, au arudi kufanya mazoezi na timu ya pili ya klabu yake kama watamkubali. Hapo zile wiki 12 zinakuwa 22 au 24. Na kwa kuwa MLS imetangaza kuhamia msimu wa kiangazi hadi masika kuanzia mwaka 2027, Desemba, ambapo mwanafunzi anamaliza, patakuwa katikati ya msimu wa klabu. Kijana atakayetoka chuoni akiwa na dakika miguuni atafika wakati mwafaka, wenzake wakiwa wameanza kuumia.

Kabla ya kuamua, kuna simu mbili za kupigwa, na asizipige baba. Azipige mwenyewe, wewe kaa pembeni unywe chai. Ya kwanza ni kwa kocha wa timu ya pili: "Msimu ujao, nani yuko mbele yangu upande wa kulia?" Ya pili ni kwa kocha wa chuo, swali hilohilo. Anayetaja majina, umri na mpango, huyo amemfikiria. Anayesema "tunakupenda sana, njoo upambane", huyo anajaza orodha. Ukishayapata majibu yote mawili, nitumie pamoja na ile orodha ya mawinga, nami nitakuambia kama nimebadili mawazo.